Mlima si Nukta

Nilizaliwa upande wa mashariki wa mlima, na miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia upande wa magharibi, kwa hiyo nina haki ya kusema jambo ambalo watu wa pande zote mbili hawapendi kulisikia: mlima hauna nyuma. Nilipokuwa mtoto kwetu, Nyeri ndiyo iliyokuwa nyuma ya mlima. Nilipopelekwa Nyeri kikazi, nikaambiwa kwamba nyuma ya mlima ni kwetu. Mama niliyepanga kwake, mtaa wa Skuta, alinitambulisha hivyo kwa wageni wake wote, bila ubaya, kama mtu anavyosema huyu ni mrefu au huyu hali nyama ya mbuzi.

"Huyu ni msichana yangu. Ametoka nyuma ya mlima," alikuwa akisema huku akimimina chai. "Lakini ako sawa."

"Nyuma ni hapa kwenu, mama."

"Haiya! Kwani huoni uso yake iko wapi? Mlima inaangalia Nyeri."

Tulibishana hivyo asubuhi nyingi za baridi, na ukungu ukiwa umeufunika huo mlima wenyewe hata usiweze kuona uso wala kisogo.

Alikuwa mwanamke wa Mukurweini, mwenye ng'ombe na migomba huko kwao na vyumba vya kupangisha huku mjini, na katika kamati ya ushirika wa maziwa wa Mukurweini alikuwa mwanamke peke yake. Wanaume wa kamati walimwogopa. Mimi nilimpenda, na nikimpenda mtu huwa nabishana naye.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya stima, yaani umeme, ya eneo letu. Watu wakisikia hivyo hudhani nilipanda nguzo. Sikupanda nguzo hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa hesabu: stima kiasi gani inaingia, kiasi gani inatumika, saa ngapi, wapi. Ilikuwa ile miaka ya sabini mafuta yalipopanda bei ghafla na kila mtu mwenye tai akawa mjuzi wa mambo ya stima. Kila mahali palisemwa tuachane na mitambo ya dizeli, tutumie maji ya mito yetu. Sikuwa na neno na hilo. Maji ni yetu na mvua ni ya Mungu. Neno langu lilikuwa juu ya njia.

Ofisi kuu jijini walikuwa wameunda nchi ya kuigiza ndani ya kompyuta. Sijui niieleze namna gani nyingine. Kompyuta ile ilijaza chumba kizima, ililishwa kadi zenye matundu, na ndani yake kulikuwa na nchi yetu nzima, isipokuwa haikuwa na watu wala ng'ombe wala matope. Ilikuwa na nukta tu. Kila eneo lilikuwa nukta moja. Kwenye nukta unaandika mitambo iliyopo na mahitaji ya watu wake kwa kila saa ya siku. Kati ya nukta na nukta unachora laini, na kila laini unaipa kikomo: zaidi ya hapa haibebi. Kisha unaiambia kompyuta iwashe mtambo wa bei rahisi kwanza, halafu unaofuata, mpaka kila nukta ishibe. Laini ikijaa, stima ya rahisi inabaki upande mmoja ikikosa njia, na upande wa pili mnawasha mtambo wa ghali au mnakaa gizani. Ukiendesha mwaka mzima wa kuigiza namna hiyo, unajua laini mpya ijengwe wapi.

Ni kazi nzuri. Nasema hivyo mpaka leo. Lakini ina mtego wake, na mtego wenyewe ni huu: ndani ya nukta hakuna laini. Ndani ya nukta stima inatembea itakavyo, haiulizwi na mtu, haijai, haikwami. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ni nani aliyeamua nukta ianzie wapi na iishie wapi.

Siku niliyoletewa orodha ya maeneo niihakiki, niliona Pwani nukta moja, Jiji nukta moja, Bonde la Ufa, Nyanza na wenzake, na mwishoni, kwa herufi kubwa, nukta moja iliyoandikwa MLIMA.

Nilicheka peke yangu mezani. Kisha nikaona mabwawa makubwa ya mto Tana, yaliyo huko chini upande wetu wa mashariki, yametiwa ndani ya hiyo nukta MLIMA pamoja na Nyeri, Karatina, Chaka na Nanyuki, na kicheko kikaisha. Kwa hesabu hiyo, mlima wote ulikuwa tajiri wa stima kuliko eneo lolote nchini. Nyeri ingeogelea katika stima. Wala pasingehitajika laini mpya yoyote, kwa kuwa ndani ya nukta hakuna laini.

Ukweli ulikuwa hivi. Stima ya mabwawa ilitoka mashariki ikashuka hadi jijini kwa laini nene, halafu sehemu yake ikapanda kurudi huku Nyeri kwa laini moja ya zamani, nyembamba, ambayo iliendelea kupita Chaka hadi Nanyuki. Kati ya upande wa mashariki na wa magharibi hapakuwa na waya wa maana. Na laini ile ya zamani ilikuwa inajaa. Sikuambiwa na mtu. Niliomba lifti ya gari la mafundi hadi kituo kidogo kilicho karibu na Chaka, pale upepo wa nyika unapokupiga hadi mifupani, nikasimama mbele ya mita jioni watu wakianza kuwasha taa. Sindano ilipanda polepole, ikafika mwisho wa mistari, ikabaki imeegemea ukingo kama mlevi. Fundi niliyekuwa naye alisema kila jioni huwa hivyo.

Nikarudi ofisini nikaikata ile nukta vipande viwili. Mlima Mashariki, Mlima Magharibi. Kati yake sikuchora kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Mlima Magharibi nikaufunga na Jiji kwa ile laini nyembamba na kikomo chake cha kweli. Kompyuta sikuwa nayo, ila nilikuwa na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, nami nilizungusha hadi bega likauma. Jibu lilikuwa moja kila nilipojaribu: jioni, Magharibi inakosa stima, na kwenye saa hizo hizo Mashariki inamwaga maji bila kuyatumia.

Hali hiyo niliipa jina la msongamano. Ofisini walinicheka, wakasema msongamano ni wa sokoni, si wa stima. Mimi nikalitumia neno langu hivyo hivyo, kwa mdomo na kwa maandishi, mpaka wakachoka kucheka.

Mkubwa wa ofisi yetu hakucheka. Alikuwa mwenyeji wa huko huko Nyeri, mtu mwenye adabu, mwenye kanzi ya methali na hofu ya wanasiasa. Aliisoma kazi yangu akiwa amesimama, kisha akafunga mlango.

"Binti, unajua umeandika nini hapa?"

"Nimeandika jinsi stima inavyokwenda, mzee."

"Hapana. Umegawanya mlima."

Nilidhani anatania. Lazima mtu aelewe siku hizo zilivyokuwa. Kwenye kila jukwaa mlimani paliimbwa wimbo mmoja, kwamba sisi ni wamoja, tusimame pamoja, na atakayetugawanya ni adui. Mkubwa wangu alikuwa ameketi viti vya mbele katika mikutano hiyo. Kwake yeye, karatasi yenye maneno Mlima Mashariki na Mlima Magharibi ilikuwa kitu cha kufungiwa ndani ya kabati kabla mtu mwingine hajakiona.

"Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu," akaniambia.

"Mzee, stima haijui methali."

"Na wewe mwenyewe unatoka upande ule. Watu watasemaje? Watasema umetumwa."

Hapo damu ikanichemka. Nilisoma hisabati darasani nikiwa msichana peke yangu, nikavumilia walimu waliosema nitaishia jikoni, halafu leo naambiwa hesabu yangu ina kabila. Nilimwambia kwamba kama kuna kosa kwenye hesabu anionyeshe mstari, na kama hakuna, aiache ilivyo. Hakunionyesha mstari. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza na mkuu asiyesikia, yeye huvunjika nini? Nilitoka kabla hajanijibu.

Baada ya hapo alikuja mtaalamu kutoka ofisi kuu, yule aliyeitengeneza nchi ya nukta. Nilimtarajia awe mjeuri, nikakuta kijana mpole mwenye miwani, amechoka. Alinieleza bila kuficha kwamba muda wa kompyuta ulikuwa adimu, na kila nukta unayoongeza inaifanya iwaze mara nyingi zaidi. Ilibidi waunganishe maeneo.

"Lakini kwa nini mkaunganisha hapa?" nikamuuliza. "Mngeunganisha penye laini nene. Hapa hapana laini kabisa."

"Nilitazama ramani," akasema. "Mlima ni mmoja. Na kila nikifungua redio nasikia watu wa mlima, watu wa mlima. Sikujua kuna pande."

Alikuwa mtu wa kutoka mbali, upande wa ziwa. Sikuweza hata kumkasirikia. Kosa lile lisingefanywa na mgeni wa kizungu, maana mzungu angeuliza. Lilikuwa kosa la mtu aliyetusikia sisi wenyewe tukijisema na akatuamini. Nilimwomba aendeshe upya akiwa na nukta mbili. Alisema angependa, lakini mkubwa wangu ndiye mwenye kuidhinisha maeneo ya huku, na mkubwa alikuwa amekwisha idhinisha moja.

Jioni hiyo nilimsimulia mama mwenye nyumba jikoni kwake, akichambua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa hivyo stima iko," akasema, "lakini imekwama njiani."

"Ndiyo, mama."

"Na hao wameandika imefika."

"Ndiyo."

Akaacha kuchambua. "Atiriri, mwari wakwa," akaniambia, yaani sikiza, binti yangu. "Sisi tunataka kuuza mashini."

Nilikuwa naijua hiyo mashini. Ilikuwa injini ya dizeli iliyoendesha mtambo wa kupozea maziwa pale ushirika wa Mukurweini. Ilikuwa na kelele, ilinuka, ilikunywa mafuta ambayo sasa yalikuwa hayashikiki kwa bei, na kila mkulima aliilaani. Lakini bila hiyo, maziwa ya jioni yasingefika asubuhi. Yangechacha kwenye tangi, na maziwa ya watu wote huwa kwenye tangi moja. Sasa ofisi yetu ilikuwa imewaahidi stima, ikawaambia itawatosha usiku na mchana, na kamati ilikuwa imepata mnunuzi wa injini. Kilichobaki ni wanachama kukubali kwenye mkutano. Na ahadi yenyewe ilikuwa imetoka wapi? Ilikuwa imetoka kwenye ile nukta.

"Msiuze," nikamwambia.

"Mimi ni mmoja. Kuja uwaambie wewe."

"Mkubwa atanifukuza."

"Na maziwa ikimwagika atafukuzwa nani?"

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa ya ujasiri kama ninavyoisimulia sasa. Nilikuwa nawalipia ada wadogo zangu. Nilijua kabisa nikifungua mdomo nitahamishwa au nitaachishwa. Lakini kila nilipojaribu kujituliza niliwaona wale akina mama wa Mukurweini wakishuka vilima na mitungi ya maziwa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, nikajua siwezi.

Mkubwa alinipeleka mkutanoni mwenyewe, maana alihitaji mtu wa kushika takwimu. Garini aliniambia nikae kimya, niwe mpole, nijibu nikiulizwa na yeye tu. Mtaalamu mwenye miwani alikaa nyuma pamoja nami, akatazama migomba njia nzima.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mwenyekiti alifungua kwa maombi marefu. Kisha mkubwa akasimama, akazungumza vizuri, lazima nikiri alikuwa msemaji. Aliwaambia kwamba hakuja kama mtu wa ofisi, amekuja kama mwenzao, kwa kuwa yeye pia ana ng'ombe na maziwa yake pia yanaletwa pale. Akasema kompyuta imehesabu mwaka mzima, saa kwa saa, na imeona Mlima una stima ya kutosha na kusaza. Akaashiria kile kibanda cha mashini kilichokuwa kikitoa moshi nyuma yetu. "Hii kelele," akasema, "mtaisahau." Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono. Mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo lingeua kuku. Mwenyekiti hakujua ugomvi wetu, akaniruhusu.

"Naomba kuuliza jambo dogo tu," nikasema. "Nani hapa ana binti ameolewa upande wa Embu, ama Chuka, ama Meru?"

Watu wakashangaa, lakini mikono ikainuka, hapa mmoja, pale mwingine.

"Mkienda kumwona, mtoto akizaliwa, mnapitia wapi?"

Mzee mmoja mwenye koti refu akajibu kwamba unashuka Karatina, unaenda hadi Embu, halafu unapanda. Mwingine akamkatiza hapo hapo.

"Wewe unapoteza watu! Barabara ni ya Chaka, unaenda Nanyuki, unazunguka na huko juu, unashuka Meru."

"Ati Nanyuki? Na baridi yote hiyo, na umebeba ndizi ya watu?"

"Hiyo ya Embu iko na matope. Sisi tulilala njiani na uji ikaharibika."

Mara mkutano ukawa wa barabara. Akina mama walichukua upande, wakasimulia safari zao, wakatukanana kwa mapenzi. Mtaalamu wa ofisi kuu alikuwa ameondoa miwani yake anasikiliza mdomo wazi. Nilingoja mpaka wamechoka.

"Na kuna mtu hupita katikati? Juu, kwenye barafu?"

Wakacheka wote. "Huko ni kwa Ngai," mtu akasema, yaani kwa Mungu. "Utapita ukienda wapi?"

"Basi hata stima haipiti huko. Stima inazunguka kama ninyi, na njia yake inayokuja huku ni moja, nyembamba, na jioni imejaa. Stima iko, hilo si uongo. Iko upande wa pili. Kwenye ile kompyuta wameandika mlima ni nukta moja, haina upande huu wala ule, kwa hivyo stima ikiwa iko Embu basi imekwisha fika Mukurweini. Leteni stima, ni kitu kizuri. Lakini hiyo injini msiiuze mpaka laini ya pili ijengwe."

Mkubwa alisimama kabla sijaketi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Huyu anataka kugawanya mlima. Na mnajua ametoka wapi."

Uwanja ukanyamaza. Nilihisi macho yote yamenigeukia. Nilijua ule ukimya. Sentensi moja zaidi ya hiyo na mimi ningekuwa mtu aliyetumwa kuwanyima watu wa Nyeri stima. Niliogopa, nasema kweli, lakini nilikuwa nimeudhika zaidi kuliko nilivyoogopa.

"Ndiyo, wanajua nimetoka wapi," nikasema. "Tangu nifike Nyeri, hakuna siku imepita bila mtu kuniita mtu wa nyuma ya mlima. Sokoni, kanisani, ofisini. Wewe mwenyewe, mzee, umeniita hivyo. Sasa chagueni. Kama mimi ni wa nyuma ya mlima, basi mlima una mbele na nyuma, na stima lazima izunguke. Na kama mlima ni nukta moja, basi kuanzia leo mimi ni wa hapa, na kesho mniletee shamba langu."

Mama mwenye nyumba wangu akaangua kicheko. Alicheka kwa mwili mzima, akishika magoti. Wanawake waliokuwa karibu naye wakaanza, kisha wazee, kisha uwanja wote. Hata mwenyekiti alijifunika uso na kofia. Mkubwa alibaki amesimama, akitabasamu kama mtu anayeumwa na jino.

Mama akasimama akipangusa machozi. "Shamba hatutampa," akasema, "hata yeye asijaribu. Lakini mashini inakaa. Nani anakataa?"

Mikono ya kukataa ilikuwa michache na ilishuka haraka. Mashini ikabaki.

Tuliporudi mjini, mtaalamu alinipa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angepata njia angezitoboa zile kadi upya. Hakupata njia. Mpango ulitiwa sahihi ukiwa na nukta moja, ukapelekwa kwa wakubwa, ukasifiwa. Laini ya pili haikuwemo, kwa sababu kompyuta haikuona haja yake. Nami nikahamishwa. Mkubwa aliniambia kwa mdomo, kwa adabu zake zote, kwamba ameona ni vema nikatumikie watu wetu wa upande wa mashariki, karibu na mabwawa. Nikamshukuru kwa kukubali kwamba upande huo upo. Ilikuwa dharau na nilikusudia iwe dharau.

Mama alinisindikiza hadi kwenye gari na mkungu wa ndizi. Hakulia, wala hakuniambia maneno matamu. Alisema nimtafutie bei ya mtama huko nyuma ya mlima.

Mukurweini walipata stima. Nilisikia walifanya sherehe, wakachinja, mkubwa akabonyeza kitufe na mtambo mpya wa kupozea ukaanza kuvuma taratibu. Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Injini ya dizeli ilikaa kwenye kibanda chake imefunikwa gunia, na nadhani kuna wanachama walioanza kuniona mzushi. Nami, nikiwa huko kwetu, nilianza kujiuliza kama nilizungusha ile mashine ya hesabu vibaya. Nilirudia hesabu. Haikuwa vibaya. Ukaidi wangu si wa bure.

Ndipo mvua ndefu zikanyesha, zikanyesha kweli. Upande wetu mabwawa yalijaa hadi kingo, tukafungua milango na kuyaacha maji yapite bila kuzungusha chochote. Nilisimama juu ya ukuta wa bwawa nikiyatazama, mekundu, yenye nguvu, stima tele ikienda zake baharini. Na upande wa magharibi, kwenye mvua hizo hizo, nyasi zilikuwa zimeota, ng'ombe wamejaza viwele, maziwa yamekuwa mengi kuliko msimu wowote, na kila mtu aliwasha kila alichonacho kwa sababu ya baridi. Laini ikajaa. Jioni moja wakakata stima eneo lote, kuanzia Mukurweini hadi ng'ambo ya Chaka. Ofisi kuu waliiita hitilafu ya muda. Kesho yake ikawa hitilafu ya muda tena.

Nilikwenda ofisini kwangu nikaomba opereta aniunganishe na ushirika wa maziwa Mukurweini. Ilichukua muda, ikaita, ikakatika, ikaita tena. Moyo ulikuwa unanidunda kama vile ng'ombe wale ni wangu. Simu ilipopokelewa sikusikia mtu. Nilisikia mngurumo tu, mzito, usiopumzika, kisha katikati yake sauti niliyoijua ikipiga kelele.

"Sema kwa nguvu! Hapa hakuna kusikia kitu!"

"Mama! Ni mimi! Maziwa je?"

"Maziwa iko baridi!" akapaza sauti. "Yote! Tangu jana tunatia dizeli tu! Stima ya mkubwa wako imelala!"

Nilifunga macho. Yeye hakuwa mtu wa kungojea wengine wapate maneno.

"Sikiza, mwari wakwa! Na yake pia iko humu ndani! Maziwa ya yule mkubwa, ameleta asubuhi, ameniangalia viatu, hakunisalimia! Nimrudishie mitungi yake aende akapoze na kompyuta?"

Nilicheka mpaka opereta akauliza kama bado tunazungumza.

"Hapana, mama!" nikapiga kelele kwenye simu. "Mpozee na yeye!"